Nyundo Nyepesi

Mwizi anayevunja kioo asichukue kitu humkosesha polisi usingizi kuliko yule anayesomba nyumba nzima. Inspekta alikuwa amesimama katika chumba cha kumbukumbu, chini ya jukwaa kuu la uwanja, vipande vya kioo vikilia chini ya viatu vyake, na Mkurugenzi wa mashindano alikuwa akimweleza kwa mara nyingine tena kwamba hakuna kilichoibiwa, na kama hakuna kilichoibiwa hakuna kesi.

Kituoni Inspekta alikuwa na jina la utani, Chekeche, kwa kuwa ukimmwagia maneno unga hupita na makapi hubaki naye. Alikuwa akizunguka chumba polepole, mikono nyuma, akisoma kuta.

Kuta zilisimulia mashindano tangu yalipozaliwa. Baba yake Mkurugenzi, ambaye kila mtu alimwita Mwasisi, alikuwa mwalimu wa jiografia. Alianza kwa kuwaalika wakimbiaji wa nchi jirani kwenye uwanja wa nyasi ambao mistari yake ilichorwa kwa majivu. Wageni wa mwaka wa kwanza walitosha basi moja na nafasi ikabaki. Picha zilizofuata zilionyesha basi likigeuka ndege, majivu yakigeuka chokaa, nyasi zikigeuka zulia jekundu la mpira. Kulikuwa na bango la kila mwaka: mwaka mvua ilipokatiza mbio na watu wakakataa kuondoka, mwaka shirikisho la dunia lilipoyaweka mashindano kwenye kalenda yake, mwaka bingwa mmoja wa ng'ambo alipoanguka karibu na utepe akamalizia kwa kutambaa. Jubilii yenyewe ilikuwa mwishoni mwa wiki hiyo. Timu zilikwisha kuanza kuwasili.

Inspekta alikwenda kwenye mabango akarudi, akaenda tena. Halafu akauliza kwa nini baada ya mwaka fulani mashindano yaliendelea kuwa na mkuki, kisahani na tufe, lakini nyundo ikatoweka.

Mkurugenzi alielekeza kidevu pembeni, kwenye kabati lililovunjwa.

"Kwa sababu ya hii," alisema. "Mwamuzi wetu alipigwa na nyundo hapa uwanjani, mbele ya watu wote. Baba akaapa haitarushwa tena."

Ndani ya kabati mlikuwa na koti la buluu la waamuzi, limevishwa kwenye kiwiliwili cha mti, bendera nyeupe, filimbi, picha ya mwanamume mwenye masharubu membamba, na nyundo yenyewe: kichwa cha chuma, waya, na kishikio cha pembe tatu. Kibao cha shaba kilisema alifariki akiwa kazini. Kulikuwa na kombe lenye jina lake, Mkurugenzi aliongeza, na kila mwaka mjane wake ndiye aliyelikabidhi kwa mshindi. Watu husimama. Wengine hulia.

"Naweza kuishika?"

"Ni chuma tu, afande."

Inspekta alivaa glavu, akatanua miguu, akakaza mgongo kama mtu anayetaka kunyanyua mtungi uliojaa, akavuta. Nyundo ilikuja juu bila ubishi. Alipepesuka hatua moja nyuma, na Sajini wake akamdaka kiwiko. Glavu ilikuwa imenata kwenye kishikio. Aliinusa. Gundi.

Akaomba mizani. Uwanja wowote wa riadha una chumba cha kupimia vifaa kabla ya mashindano, na mwanamama aliyekuwa zamu humo aliiweka nyundo juu ya mizani, akatazama mshale, akawatazama wao.

"Ya wanawake hii," alisema.

Sajini aliuliza kama huenda zile za zamani zilikuwa nyepesi. Mwanamama akacheka kidogo kwa pua. Ya wanaume haijabadilika uzito tangu babu yake azaliwe, alisema, na mwaka ule wa ajali hapakuwa na mwanamke aliyerusha nyundo katika uwanja huu.

Mkurugenzi alitafuta kiti akakaa. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, na Inspekta alimtazama kwa makini kuliko alivyoitazama mizani. Kama alikuwa anaigiza, basi alikuwa amekosea kazi.

Nje, wakitembea kandokando ya zulia jekundu, Sajini alisema mambo yamejinyoosha yenyewe. Mtu aliyevunja kioo wanaye kituoni, mkono umefungwa bendeji. Alichukua nyundo halisi, akaacha ya bandia.

"Anayeacha ya bandia anataka tusijue," Inspekta alisema. "Anayevunja kioo saa ya chakula cha mchana, watu wakiwa wamejaa uwanjani, hajali tukijua. Hao ni watu wawili, Sajini. Wa kwanza alikuwa na ufunguo."

*

Huyo aliyekuwa kituoni aliitwa Kifaru, na jina lilikuwa halijamwacha ingawa mwili ulikuwa umeanza. Mabega yalijaza mlango, lakini shati lilimning'inia tumboni. Siku hizi alikuwa mchomelea vyuma, akitengeneza mageti na madirisha. Walinzi wa uwanja hawakumkamata. Walimkuta ameketi kwenye ngazi nje ya chumba cha kumbukumbu, damu ikimtiririka kwenye kidole, akiwasubiri.

"Kwa nini hukukimbia?" Inspekta aliuliza.

"Mara ya kwanza sikukimbia. Nikimbie leo, uzee huu?"

Alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi bila kusadikiwa. Mwaka ule alikuwa mrushaji bora nchini, na wageni walikuwa wakimwogopa. Mwamuzi aliyekufa alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja. Mrusho wake wa kwanza shemeji aliinua bendera nyekundu, akasema mguu umekanyaga nje ya duara. Wakarushiana maneno, maneno ya nyumbani, ya shemeji kwa shemeji, lakini watu walisikia. Mrusho wa pili bendera ilikuwa nyeupe. Mara ya tatu akaingia kwenye kizimba cha nyavu, akazunguka, na katika mzunguko wa mwisho mikono yake ikawa myepesi ghafla.

"Kishikio kilibaki mkononi mwangu, afande. Waya ulikatika. Kichwa kikaenda kilikotaka chenyewe. Shemeji alikuwa amesimama mahali pa salama kabisa, mahali ambapo nyundo haifiki hata ukirusha kwa hasira."

Alikitupa kishikio akakimbilia alikoanguka shemeji yake. Hakukiona tena. Alitoka kizimba cha nyavu akaingia kizimba cha mahakama, na humo mezani waliweka nyundo nzima, waya mzima, kishikio mahali pake. Mwendesha mashtaka akauliza kama nyundo nzima inaweza kukatika. Watu wakacheka. Wakasema alirusha kwa hasira, tena makusudi, baada ya ugomvi wa bendera nyekundu. Alifungwa, akafungiwa riadha maisha, na alipotoka gerezani mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Na dada yako?"

Kifaru alitazama bendeji yake. Dada alikuwa hajamsemesha tangu siku ile. Akimwona sokoni hugeuza njia. Hamlaumu, alisema, nani ampe mkono mtu aliyemfanya mjane?

Aliposikia kwamba nyundo imetolewa stoo na kuwekwa kwenye maonyesho ya jubilii, alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi. Aliomba kitu kimoja: aitwe fundi yeyote anayejua chuma, aitazame nyundo ile. Alikuwa na hakika waya uliowekwa mahakamani haukuwa waya aliorusha. Mkurugenzi akamwambia atatafakari, na walinzi wakamwonyesha geti. Baadaye alitafakari yeye, akaona bora akaichukue mwenyewe.

"Nilipoinyanyua tu nikajua. Nikairudisha. Wamenificha tena, afande. Mwulize yule mtoto wa Mwasisi. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Inspekta aliandika. Kifaru alikuwa anasadikika kwa urahisi mno, na watu wanaosadikika kwa urahisi alikuwa na desturi ya kuwachekecha mara mbili. Miaka mingi gerezani humpa mtu nafasi ya kutunga hadithi isiyo na tundu. Lakini mtu anayetaka kuthibitisha kwamba nyundo ilibadilishwa zamani hawezi kuibadilisha tena yeye. Angekuwa anaukata mti alioukalia.

Alimpigia simu Mkurugenzi akamuuliza ni nani mwingine aliyejua kwamba Kifaru ametaka nyundo itazamwe. Mkurugenzi alisema hakumwambia mtu. Akalisema jibu hilo kabla swali halijaisha.

*

Mtunza Ukumbi ndiye aliyekuwa na funguo. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti na mkufu wa funguo uliotoa sauti kwa niaba yake. Aliapa kwamba kabati lile halijafunguliwa tangu waandishi wa habari walipolipiga picha siku ya ufunguzi. Sheria ilikuwa wazi: hakuna kugusa. Hata vumbi alilifutia juu ya kioo.

"Funguo ziko mbili?"

"Moja yangu, moja ya Mkurugenzi. Ya Mkurugenzi iko kwenye bahasha yenye lakiri, hata hajaifungua. Nimeiona mwenyewe."

Inspekta alimwomba waende mlangoni. Hapo palikuwa na bango kubwa la maonyesho, na katikati ya bango palikuwa na picha ya kabati lenyewe, iliyopigwa siku hiyo ya ufunguzi. Alisimama mbele yake muda mrefu. Mtunza Ukumbi alianza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Hilo koti," Inspekta alisema mwishowe. "Hapa liko wazi kifuani. Linaonyesha beji ya ndani. Sivyo?"

"Ndivyo. Mkurugenzi alitaka beji ionekane."

"Kule ndani limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni."

Mtunza Ukumbi alitazama bango, kisha akatazama ndani ya chumba, kisha akatazama viatu vyake. Alisema labda ni yule mhalifu aliyevunja kioo. Inspekta alimwambia mtu mwenye kidole kinachovuja damu hafungi vifungo vya koti bila kuacha doa, na kwenye lile koti hakuna doa hata la kiroboto. Alisema labda upepo. Inspekta akangoja. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu hakuwa mwongo wa kazi, uongo ulimuuma.

Mzee wa watu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasema yote. Alikuja mama mmoja, mtu mzima, wa heshima zake. Mjane wa mwamuzi. Alikuja asubuhi kabla ukumbi haujafunguliwa, akaomba akae peke yake na vitu vya mumewe. Angemkatalia vipi? Alimfungulia kabati ili aguse koti, akatoka nje amwache alie kwa nafasi. Alipotoka hakuwa na machozi. Alikuwa na mkoba wake mkubwa begani, ule ule aliokuja nao, umeelemea upande mmoja hata bega likashuka. Alipotaka kumsaidia kuubeba, alikataa.

"Nilidhani ni majonzi," alisema Mtunza Ukumbi.

Inspekta alimpigia tena Mkurugenzi, na safari hii hakuuliza. Alimwambia tu amekwisha kujua. Halafu Mkurugenzi akakiri kwamba mtu mmoja alimwambia, mmoja tu. Alimtembelea mjane kumtahadharisha, ili ikiwa Kifaru angezusha fujo siku ya jubilii asije akashtuka mbele za watu. Alifanya kwa wema. Yule mama alimshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Sajini alipiga mluzi mdogo. Alisema ameelewa nani, hajaelewa kwa nini. Mjane wa aliyeuawa na muuaji, hao ni moto na petroli. Iweje mmoja aibe kitu ambacho mwingine anakitaka?

"Twende tukamuulize vifungo," Inspekta alisema.

*

Nyumba ya mjane ilikuwa mwisho wa mtaa wenye miti iliyokatwa vichwa, na ua wake ulikuwa umefagiwa hata alama za ufagio zikaonekana. Mlango ulifunguliwa na binti wa miaka ishirini na kitu, amevaa suruali ya mazoezi, mapana ya mgongo wake yakijulisha ukoo kabla hajajitambulisha. Alikuwa mjukuu. Alidhani polisi wamekuja kwa ajili yake.

"Mmeipata nyundo yangu?"

Inspekta alimuuliza nyundo gani, kama mtu anayeuliza njia. Binti akaeleza kwamba anafanya mazoezi ya kurusha na klabu yake, na nyundo yake mwenyewe, aliyoipata kwa jasho, imeibwa hapo hapo barazani. Bibi ndiye aliyegundua. Amesema ni watoto wa mtaani. Binti alitaka kwenda kutoa taarifa kituoni, bibi akamzuia, akasema ataomba wamnunulie nyingine.

"Ina alama yoyote?"

"Niliizungushia plasta ya kijani kwenye kishikio, nisiteleze. Kama hawajaibandua."

Inspekta alitazama vidole vyake mwenyewe, akakumbuka gundi iliyonata kwenye glavu. Alimwambia binti aendelee na shughuli zake, wakaingia sebuleni.

Mjane aliwakaribisha kwa adabu, akawaletea maji kwenye sinia. Alikuwa mwembamba, amenyooka, mikono imetulia mapajani. Nyuma yake ukutani palikuwa na yule mwanamume mwenye masharubu, na kuzunguka picha yake zilipangwa picha za mjane mwenyewe akikabidhi kombe, mwaka huu, mwaka ule, nywele zikigeuka nyeupe kutoka fremu hadi fremu. Inspekta alisema wamekuja kuhusu kuvunjwa kwa kabati. Mjane alisema amesikia, amesikitika. Watu hawana haya siku hizi.

Waliongea juu ya maonyesho, juu ya jubilii, juu ya kiti alichotengewa karibu na wageni wa heshima. Kila jibu lilikuja limepigwa pasi. Sajini alianza kutazama saa.

"Mama," Inspekta alisema, akiweka gilasi chini, "kwa nini ulilifunga koti vifungo?"

"Hakupenda kukaa kifua wazi mbele za watu," alisema mjane.

Jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Alilisikia mwenyewe. Mikono iliyokuwa imetulia ilishikana. Kisha akainuka, akaenda pembeni palipokuwa na cherehani iliyofunikwa kitambaa, akainama kwa taabu, akatoa chini yake kitu kilichofungwa shuka. Sajini alikimbilia kumsaidia. Safari hii uzito ulikuwa uzito.

Inspekta aliifungua sakafuni. Kichwa cha chuma kilikuwa na makovu pande zote, mikwaruzo ya miaka ya kugonga ardhi, kokoto na nguzo za kizimba. Akaufuata waya kwa kidole kutoka kichwani hadi kwenye kishikio. Ulikuwa na kutu ya uzee, sawasawa, kama kutu ya msumari ambao haukuwahi kupigwa. Hakuna kovu hata moja. Kichwa hiki kilirushwa mamia ya mara. Waya huu haukurushwa hata mara moja.

"Yeye ndiye aliyevikagua vifaa asubuhi ile," mjane alisema. Alikuwa amesimama, hakutaka kukaa tena. Mumewe alirudi nyumbani kubadili shati, akamwambia kuna nyundo moja waya wake una mkunjo, haumpendezi. Nyundo mpya zilikuwa zimekwama bandarini. Alimwambia Mwasisi, na Mwasisi akasema wageni wamekwisha kuketi, shirikisho la dunia limetuma mtu wa kutazama, mwaka huu ndio wa kuingia kwenye kalenda au kusahaulika. Mumewe akaipitisha. Akamwambia mkewe, akiwa anafunga vifungo, kwamba ni mkunjo mdogo tu.

Alipoanguka, mjane alishuka kutoka jukwaani mbio. Alifika wa kwanza baada ya mdogo wake. Kile kichwa cha nyundo kilikuwa kando ya mumewe, na nyuma yake kipande cha waya kilichokatika, kifupi kama mkia wa panya. Alikiona kwa macho yake.

"Na mahakamani?"

Mwasisi alikuja nyumbani kabla ya kesi. Hakutisha wala hakuahidi mali. Alisema tu kwamba ikijulikana waya ulikatika, itaulizwa nani aliupitisha, na marehemu atazikwa mara ya pili, safari hii kwa jina la mzembe aliyejiua. Mashindano nayo yatakufa naye. Lakini mdogo wake ni kijana, hana rekodi mbaya, hakimu atamwonya na kumwachia.

"Waliiweka mezani, nzima, inang'aa. Wakaniuliza kama ndiyo nyundo niliyoiona pale chini. Nikasema ndiyo." Alitafuta neno, akalikosa, akachukua lililokuwa karibu. "Hawakumwonya."

Hapo ndipo Inspekta alipogundua kwamba mjukuu alikuwa mlangoni. Haikujulikana alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa ameshika taulo mbele ya kifua kwa mikono yote miwili.

"Bibi, kila kocha ameniuliza nani kwetu alirusha kabla yangu," alisema. "Ukaniambia hakuna."

Mjane hakugeuka. Alimwambia Inspekta kwamba ikiwa wanakwenda, waende.

*

Garini Mkurugenzi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini na yenye heshima nyingi. Aliomba kitu kidogo: kwamba lolote litakalopatikana lingoje mpaka wiki ijayo, wageni wakishaondoka. Mashindano ni ya nchi nzima, si ya familia moja. Inspekta alimuuliza kama alijua.

"Sikujua," alisema Mkurugenzi. "Ila baba hakuwahi kuniruhusu kuigusa ile nyundo. Hata nilipokuwa mtu mzima."

"Na hukuwahi kujiuliza?"

Inspekta alikata simu akiwa hana hakika, hata sasa, kama aliyekuwa akizungumza naye alikuwa mjinga au mwerevu sana. Hilo lingepata siku yake. Mtu aliyeweza kuutoa waya uliokatika na kuweka mwingine kabla polisi wa wakati ule hawajafika alihitaji stoo, koleo na mkono wa pili. Mwasisi alikuwa kaburini. Mkono wa pili huenda bado ulikuwa unapeana mikono na wageni uwanja wa ndege.

Kituoni alimtoa Kifaru mahabusu akamketisha kwenye chumba cha mahojiano. Alimweleza kwa maneno machache, bila kupamba, kilichopatikana na kilipopatikana. Alingoja hasira. Kifaru aliuliza tu kama waya ulikuwa na mikwaruzo. Alipojibiwa hauna, alifumba macho, akayafumbua.

"Yuko hapa," Inspekta alisema. "Anataka kukuona kabla hajaandika maelezo. Unaweza kukataa."

Kifaru aliutazama mlango. Inspekta aliufungua mlango.

Mjane aliingia na mkoba wake mtupu umemning'inia mkononi. Alisimama upande wa pili wa meza. Mdogo wake hakuinua kichwa. Alikuwa akiitazama bendeji kana kwamba imeandikwa kitu. Sajini alijibanza ukutani. Inspekta akaanza kufikiri kwamba amekosea kuwaweka pamoja.

"Mdogo wangu," mjane alisema. "Nilisema uongo."

"Najua. Nilikuwepo." Sauti ya Kifaru ilikuwa kavu, lakini haikupanda. "Nilikutazama ukisema. Nilidhani uchungu umekupofusha. Miaka yote hii nimekuwa nikisema dada yangu hakuona."

"Niliona."

"Sasa niambie neno moja, dada. Umekuja kwa sababu imekuuma, au umekuja kwa sababu umekamatwa?"

Inspekta aliwahi kuona watu wengi wakipewa swali kama hilo, na karibu wote hushika mlango ulio wazi zaidi. Mjane alifungua mdomo. Alimtazama Sajini, akamtazama Inspekta, akayatazama mabega mapana ya mtu aliyeketi mbele yake, shati limemlegea.

"Nimekamatwa," alisema.

Kifaru aliinua kichwa. Alimtazama dada yake usoni muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Kisha akanyoosha mguu chini ya meza, akakisukuma kiti cha upande wa pili, kikakwaruza sakafu mpaka kikamgusa goti.

"Basi keti," alisema. "Afande ana kalamu. Sema yote, mimi nikiwa hapa."